Tezi Dume kwa Kiswahili cha Kambini

Kiingereza kinaiita tezi hii kwa jina lenye asili ya Kigiriki ambalo halimwambii mgonjwa chochote. Kiswahili kimeiita tezi dume, na neno dume halipiti sikioni mwa mwanamume bila kugusa kitu. Mimi nililikuta kwanza darasani, katika somo la istilahi. Miezi michache baadaye nililihitaji kwa ajili ya baba yangu.

Baba ni mtu wa Arua, mwanajeshi mstaafu, na tunaishi Mbuya, si mbali na hospitali ya jeshi. Lugha yake ya kwanza ni Kilugbara. Kiingereza chake ni cha amri na cha kujaza fomu. Lugha aliyotulea nayo ni Kiswahili cha kambini, kile ambacho walimu wangu wangekipiga wino mwekundu toka mwanzo hadi mwisho: "Mimi iko sawa," "Wewe nakuja saa ngapi?" Daktari aliongea Kiingereza na Kiganda. Kwa hiyo nikawa mkalimani.

Daktari alieleza kwamba saratani imeshatoka nje ya tezi, na kwamba atachomwa sindano kila baada ya miezi mitatu ili kuzima homoni ya kiume. Kisha akataja madhara yake. Kwetu binti hamtajii baba yake mambo ya kitandani. Nikasema, "Baba, daktari anasema dawa itaondoa nguvu za kiume." Baba akatazama ukuta. Baadaye akauliza, "Yote?" Nikampelekea daktari swali lile, nikarudi na jibu: karibu zote. Nina hakika kwamba kwa Kilugbara nisingeweza kulitamka jambo hilo, wala yeye asingeuliza. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake wala ya bibi yake. Kilikuwa lugha ya kazi, na kazini mtu hutoa ripoti.

Tiba yenyewe si ngeni. Mwaka 1941 Charles Huggins, daktari wa Chicago, alionyesha kwamba saratani hii hutegemea homoni ya kiume, na kwamba mgonjwa akitolewa korodani, au homoni hiyo ikizuiwa kwa dawa, uvimbe husinyaa. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Wapo wanaume wanaoishi miaka mingi kwa njia hii. Vitabu husema hayo vizuri. Vinachopitia harakaharaka ni yale yanayotokea nyumbani.

Nyumbani baba alianza kushikwa na joto la ghafla. Usiku wa manane anavua shati, anakaa barazani akitokwa na jasho, na jirani asubuhi anauliza kama ni malaria. Kifua kilianza kujaa kidogo, naye akaanza kuvaa koti zito hata mchana wa jua kali. Aliacha kwenda kucheza bao na wastaafu wenzake, kwa sababu mkojo haukumpa nafasi ya kumaliza mchezo. Siku ya kwenda Taasisi ya Saratani pale Mulago hakunywa hata funda la maji tangu jioni iliyotangulia, kwa kuhofia foleni ya Jinja Road. Akaanza kulala sebuleni. Mama hakumfukuza, alimwekea blanketi la pili bila kusema neno, na nadhani ukimya ule ndio uliomuumiza baba zaidi, maana alikuwa amejiandaa kwa ugomvi.

Kisha siku moja alilia mbele ya taarifa ya habari ya mahindi kushuka bei. Sisi hatuna hata shamba la mahindi.

Tuliporudi kliniki, muuguzi aliuliza kwa Kiingereza kama mgonjwa ana huzuni isiyoondoka. Darasani tumefundishwa neno sonona. Nililitumia, baba akanikodolea macho. Nikasema, "Anauliza kama una mawazo mengi." Hapo akajibu mara moja: "Mawazo iko mengi sana." Wenzangu tunaopenda kubuni istilahi, tulitazame neno hili mawazo, ambalo watu wa kawaida wamelibebesha mzigo wote huo bila kuomba ruhusa ya baraza lolote. Muuguzi alieleza kwamba kupungua kwa homoni hiyo peke yake kunaweza kuishusha roho ya mtu, mbali na hofu ya kufa. Nilipomfasiria hayo, nilimwona akikaa wima. Alikuwa amedhani amekuwa mwoga.

Nilijaribu pia kumtia moyo kwa wakubwa. Nikamwambia Askofu Tutu alikutwa na ugonjwa huu mwaka 1997, na Mandela mwaka 2001, na wote wawili waliishi miaka mingi baada ya hapo. Akanijibu, "Mandela iko na daktari nyumbani."

Aliyemsaidia ni koplo mmoja mstaafu wa Kinawataka, aliyekuja kumtazama, akavua koti lake mwenyewe na kuuliza kwa sauti ya gwaride, "Afande, wewe nashikwa na joto saa ngapi?" Kumbe naye alikuwa mwaka wa nne wa sindano. Walicheka mpaka mama akatoka jikoni. Sasa huketi pamoja karibu na mlango wa choo, bao katikati yao, na baba huwaambia wengine wazi kuwa sindano inamsumbua, kama mtu anavyosema goti linamsumbua. Kitandani alirudi baada ya muda. Waliongea nini na mama sijui, wala si kazi ya mkalimani.

Wiki inayotangulia kipimo cha damu bado ni mbaya. Halali vizuri, hukaripia watoto, hupanga upya vyeti vyake vya jeshi. Majibu yakitoka, huniambia, "Sema namba, maneno baadaye." Mara ya mwisho ilikuwa imepanda kidogo. Nikamtajia. Akauliza sindano inayofuata ni tarehe gani, akaiandika kwenye kidaftari chake kwa mwandiko ule wa karani wa stoo, kisha akaniuliza kama nina nauli ya kurudi chuoni.