Mpira wa Pikipiki Mbele ya Lenzi

GOMA – "Papa, mbona umetupiga kama tuko ndani ya moshi?"

Mama alishika picha kwa ncha za vidole, mapacha wake wakichungulia chini ya mkono. Mpiga picha hakuwa na jibu. Nyuso zilionekana, lakini pale palipopaswa kuwa peusi palikuwa rangi ya majivu, na doa la mwanga lilikata shavu la mtoto mmoja. Alimrudishia mama faranga zake.

Ilikuwa mwaka 2023, katika kambi moja ya wahami magharibi mwa mji. Familia ile ilitoka Masisi bila picha hata moja. Baba wa watoto alibaki upande mwingine, na mtu wa kumpelekea picha alikuwa anaondoka Jumamosi. Siku ile ilikuwa Jumanne.

Lenzi ya kijana huyo ni Helios 44-2 ya Umoja wa Kisovieti, aliyouziwa na muzee mmoja aliyefunga studio yake. Ameiunga kwenye kamera ya Canon kwa pete ya kuunganishia. Anaipenda kwa sababu hupokea mwanga mwingi hata ndani ya hema lenye giza. Nje ndiko inamsumbua. Kambini jua lilipiga maturubai meupe, na mwanga ulirudi kutoka kila upande. Lenzi hiyo ina tabaka jembamba tu la kupunguza mng'ao. Mwanga wa pembeni, hata ule usioonekana kwenye picha, ukigusa kioo cha mbele unarukaruka kati ya vioo vya ndani na kumwaga weupe juu ya kila kitu.

Dawa yake ni kikinga-jua, ile shingo fupi inayofungwa mbele ya lenzi. Jumatano alikitafuta mjini. Mbele ya lenzi pameandikwa 2/58, basi akanunua cha milimita 58 kwa dola 5. Kilicheza kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto. Muuzaji akasema kitu kikishatoka dukani hakirudi.

Muzee alicheka aliposikia, lakini si kwa ubaya. "Mwanangu, 58 ni urefu wa fokasi wa lenzi, si upana wa mdomo wake." Akachukua rula ya mjukuu wake wa shule, akapima nyuzi za mbele: 49. Wengi hukosea hapo. Kwenye lenzi nyingine upana huo huandikwa pembeni ya alama ya duara lililokatwa na mstari, lakini kwenye Helios hii haumo, ni kupima tu.

Muzee hakuwa na kikinga-jua. Alikuwa na filta kuukuu ya 49 iliyovunjika kioo. Fremu yake tupu ilijifunga vizuri. Kwa fundi wa pikipiki, kijana aliomba kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, akakiosha kutoa ule unga mweupe, akakivuta juu ya fremu. Kingevutwa juu ya lenzi yenyewe kingebana pete ya diafragma, na isingezunguka tena. Mpira ni mweusi, haung'ai, na ukianguka juu ya mawe ya volkano hauvunjiki. Kwa kazi ya kambini huenda unashinda hata ule wa chuma.

Mara ya kwanza aliuacha mrefu kama kiganja, na pembe nne za picha zikawa nyeusi. Akaweka diafragma kwenye 16, akalenga mbali kabisa, akapiga ukuta mweupe. Akakata kidogo, akapiga tena, mpaka pembe zikasafika. Wa kamera ya filamu angekata zaidi, kwani filamu huona upana kuliko kamera yake.

Jua likiingia moja kwa moja ndani ya picha, mpira hausaidii kitu. Lazima watu wageuzwe. Na mwenye simu anaweza kufanya jambo lilelile kwa kiganja: akiinue juu ya kamera mpaka kivuli kifunike kioo, bila kidole kuonekana pichani.

Ijumaa asubuhi mama alirudi, mapacha wakiwa wamepakwa mafuta. Safari hii macho yalikuwa meusi kweli, na hata kovu dogo juu ya nyusi ya mmoja lilionekana. "Huyu ndiye wa kovu," mama akasema, "baba yao atamjua." Aliomba nakala mbili. Moja aliifunga kwa plastiki pamoja na jetoni yake ya chakula, akaificha ndani ya kitenge. Nyingine iliondoka Jumamosi.

Kikinga-jua cha 58 bado kiko juu ya meza ya kijana. Anawekea kalamu.