MC, Gego na Kitochi Chekundu cha Insta

Kuna MC mmoja wa harusi hapa Dar, jina kapuni, mdomo ndo ofisi yake. Jumatatu aling'oa gego la mwisho lililoota kiupande. Jumamosi alikuwa na harusi kubwa Mbezi, na advansi keshakula.

Daktari alimwambia uvimbe utapanda siku mbili tatu kisha utashuka wenyewe. Asivute sigara, asiteme mate kwa nguvu, asinywe kwa mrija. Jumanne akanywa juisi ya miwa kwa mrija. Si mdomo haufunguki, angefanyaje?

Jumatano shavu limeumuka kama andazi. Akaingia Insta, akakutana na muuza vitochi vya mwanga mwekundu: "Dakika kumi tu, uvimbe kwisha!" Akatuma hela.

Mwanga huo si uongo mtupu. Mwaka 1967, Endre Mester, daktari wa Hungary, alimulika panya walionyolewa kwa leza hafifu, manyoya yakaota haraka. Siku hizi wapo madaktari wa meno wanaotumia leza ya aina hiyo baada ya kung'oa gego. Majaribio mengine yameonyesha inapunguza uvimbe na kusaidia mdomo kufunguka, mengine hayakuona tofauti. Ila hiyo ni mashine yenye vipimo, anayeishika kaisomea. Siyo kitochi cha kuchaji kwa USB.

Alhamisi usiku maumivu yakapanda mpaka sikioni. Akamwandikia muuzaji. Jibu: "Vumilia dia, ndo inafanya kazi." Akaongeza dakika.

Ijumaa akarudi kwa daktari analia.

"Dada yangu, bonge la damu limetoka shimoni," daktari akamwambia. "Lile ndo lilikuwa bandeji yako. Sasa mfupa uko wazi, hata umulike mwezi mzima haurudishi."

Akasafisha shimo, akaweka dawa yenye mafuta ya karafuu. Maumivu yakaanza kutulia.

"Mbona hukunipigia tangu juzi? Namba si nilikupa?"

MC mzima, wa kuongea mbele ya watu mia tano, akakosa neno. Aliogopa kugombezwa kwa ule mrija.

Jumamosi maiki ilishikwa na dogo aliyekuwa akimbebea spika. Advansi ikarudi kwa wenyewe. Yeye akaangalia harusi kwenye status za watu, shavu kwenye mto.

Wewe je, ushawahi kumficha daktari kitu?