Kalipa Mpya, Breki Zilezile

Pikapu ikianza kukamata breki kwenye gurudumu moja la mbele, dalili zake hazibadiliki, iwe Minneapolis au Morogoro. Usukani unavuta upande mmoja, rimu inanuka kuungua, gari linakuwa zito na linakula mafuta. Kinachobadilika ni yanayofanyika gari likishaingia gereji. Hapo ndipo wenye magari wa pande zote mbili hupoteza pesa, kwa sababu kalipa huhukumiwa kabla ya kupimwa.

Minnesota, jimbo lenye Wakenya wengi, kazi ya fundi hulipwa kwa saa na saa hizo ni ghali. Kwa hiyo fundi hafungui kalipa. Anaitoa nzima na kufunga nyingine, mara nyingi iliyokarabatiwa kiwandani. Dukani mteja huacha amana, akirudisha ile kuukuu anarudishiwa pesa yake, nayo inapelekwa kukarabatiwa ili iuzwe tena. Utaratibu huu una raha yake: gari linaachwa asubuhi, jioni linachukuliwa likiwa na waranti. Shida inaonekana miezi michache baadaye, gurudumu lilelile likianza kunuka. Waranti inaleta kalipa nyingine bure, nayo inakamata vilevile.

Mara nyingi mkosaji yuko sentimita chache kutoka hapo, kwenye mpira wa breki. Majira ya baridi barabara za kaskazini mwa Marekani humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo haina huruma kwa chuma. Mpira wa breki hushikiliwa kwenye fremu na kibano cha bati. Kutu ikiota ndani ya kibano hicho, inavimba na kuubana mpira kidogo kidogo hadi tundu lake linakuwa jembamba kama sindano. Dereva akikanyaga breki, nguvu ya mguu inasukuma mafuta yapite. Akiachia, mafuta hayana wa kuyasukuma kurudi, yanabaki kwenye kalipa, na pedi zinaendelea kung'ang'ania diski. Kwa nje mpira unaonekana mzima kabisa.

Nyumbani Afrika Mashariki hesabu iko kinyume. Kalipa mpya ni ghali kuliko siku nzima ya fundi, kwa hiyo pale Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, kalipa inafunguliwa. Fundi anaweka kipande cha mbao mbele ya pistoni, anapuliza upepo wa kompresa kwenye tundu la mafuta, pistoni inaruka na kugonga mbao. Anaisafisha, anaikagua, anabadilisha raba, anarudishia. Ni ufundi wa kuheshimiwa, na ni ujuzi ambao mafundi wengi wa Marekani hawapati tena nafasi ya kuutumia.

Lakini gereji za nyumbani nazo zina mazoea yanayoua breki. Raba za mfumo huu hazipatani na petroli wala grisi ya kawaida; zikiguswa na vitu hivyo huvimba, na raba iliyovimba inaikaba pistoni. Zioshwe kwa spiriti au mafuta ya breki yenyewe. Mazoea mengine ni kuubana mpira kwa koleo ili mafuta yasimwagike, au kuiacha kalipa ining'inie kwenye mpira wakati pedi zinabadilishwa. Tabaka la ndani linachanika, na kipande chake kinafunga njia kama mlango. Kalipa iliyokarabatiwa vizuri inarudi kukamata, na fundi anapewa lawama asiyostahili kwa kazi ya pistoni.

Kipimo cha kuwatenganisha washukiwa hawa hakihitaji kompyuta. Gari linainuliwa kwa jeki na kuwekwa kwenye stendi, breki inakanyagwa na kuachiwa, kisha gurudumu linazungushwa kwa mkono. Likigoma, fungua skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa. Kama bado limekaza, kosa ni la pistoni, pini au pedi zilizokwama. Kama mafuta yanaruka na gurudumu linalegea, kalipa haina hatia. Funga skrubu, kanyaga tena, halafu legeza kiungio pale bomba la chuma linapoingia kwenye mpira. Gurudumu likilegea, tatizo liko juu zaidi, pengine kwenye masta silinda. Likibaki limekaza, mpira ndio mbovu. Baadaye lazima upepo utolewe kabla gari halijarudi barabarani. Magurudumu yote mawili ya mbele yakikamata kwa pamoja, ni busara kuanzia masta silinda.

Pedi kuukuu nazo ni ushahidi, na inasikitisha kuona zinavyotupwa bila kutazamwa. Kwenye kalipa inayoteleza juu ya pini, pedi ya ndani ikiwa imeisha huku ya nje ikiwa bado nene, pini zimekwama. Zinahitaji kusafishwa, kupakwa grisi maalumu ya breki na kuvishwa raba ambazo hazijachanika. Hilux nyingi za 4WD hazina pini za aina hiyo, kwani kalipa zao za mbele ni za pistoni 4 zinazokabiliana. Hapo hutazamwa pistoni moja baada ya nyingine, kwa sababu moja tu ikikwama inatosha kuila pedi upande.

Kuna pia mafuta ya breki. Hunyonya unyevu kutoka hewani, na maji hayo huleta kutu kwenye pistoni. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 140. Kwa unyevu wa Tanga au Mombasa, chupa iliyokaa wazi rafuni haifai kumiminwa kwenye gari la mtu, na mteja ana haki ya kudai chupa yenye sili ifunguliwe mbele yake.