Goti Langu, Baiskeli ya Baba na Mzee wa Bunduki

Wengi mmenipigia kuuliza kama ni kweli yale niliyoyasema kanisani Jumapili iliyopita, na wengine mmetumiwa kipande cha video kilichokatwa katikati. Wacha niandike yote mwenyewe. Muda ninao. Nimekaa nyumbani wiki 6 na magongo mawili, na wiki hii ya saba ndiyo nimeruhusiwa kubaki na gongo moja.

Mnakumbuka ile mechi ya wachungaji na vijana, miaka miwili iliyopita. Mtu wa miaka arobaini na kitu, kilo 94, anageuka ghafla kumfuata kijana wa kidato cha tatu. Mguu ulibaki kwenye nyasi, mwili ukaenda. Nilisikia kitu ndani ya goti kikilia kama kijiti kikavu. Nikachechemea wiki tatu. Halafu likaja kesha, na mtumishi mgeni akaniita mbele, akaniwekea mkono. Nilisikia joto. Kanisa lilikuwa linaimba, ngoma zinalia, watu wanalia, na mimi nikaruka. Niliruka mara tatu. Nikachukua maikrofoni nikasema nimepona, nikatupa ule mkongojo mbele ya madhabahu, na mkashangilia kweli.

Sipingi uponyaji. Mungu ninayemhubiri anaponya, na nimeyaona kwa macho yangu, na nitaendelea kuweka mikono juu ya wagonjwa. Ila asubuhi ile baada ya kesha goti langu lilikuwa limevimba kama boga. Aliyejua ni mama mchungaji peke yake. Nilimwambia ni uchovu. Jumapili iliyofuata nikapanda madhabahuni kama kawaida, na baada ya hapo ikawa vigumu kusema. Kila wiki iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi. Kwa miaka miwili nimekuwa nikipanda matatu kila Jumamosi jioni kwenda mji wa jirani, kwa duka la dawa ambapo hawanijui, kununua diklofenaki za kunishikilia mpaka ibada ya pili iishe.

Mwezi wa tatu goti likajifunga. Nilikuwa nashuka ngazi za madhabahu na likakataa kunyooka, kabisa, likabaki limekunjika. Mlinibeba. Picha ilionyesha gegedu limechanika. Daktari alinieleza kwamba kila goti lina vipande viwili vya gegedu, vimepinda kama mwezi mchanga, vinakaa katikati ya mifupa kama mto. Changu kimoja kilikuwa kimechanika kwa urefu na ukingo wake ukahama, ukakwama katikati kama mlango uliowekewa jiwe. Waliingia kwa matundu madogo, na kamera, wakakishona. Mlichanga pesa. Kuna mama mboga alituma shilingi 200, na najua faida yake ya siku si mbali na hiyo. Nilisoma ule ujumbe wa Mpesa nikiwa kitandani nikageukia ukutani.

Basi nikarudi nyumbani. Wale waliopitia haya wanajua. Mguu juu ya stuli, barafu imefungwa kwenye taulo, kuinua mguu ukiwa umenyooka mara 10, kupumzika, mara 10 tena. Hairuhusiwi kukunja zaidi ya nyuzi 90. Paja linaisha mbele ya macho yako. Baada ya wiki mbili lilikuwa jembamba kuliko la binti yangu wa darasa la saba. Na baridi ya Molo mnaijua. Lililonisumbua zaidi ni kwamba siwezi kupiga magoti. Tangu Bible college sijawahi kuanza siku bila kupiga magoti kando ya kitanda, na sasa nilikuwa nikiomba nimeketi kama mtu anayesubiri matatu.

Wiki ya pili nikamwambia kijana wangu ashushe baiskeli ya marehemu baba kutoka stoo. Imening'inia huko tangu 2009. Ni BSA, nyeusi, nzito kama ng'ombe, na baba aliipeleka sokoni na magunia ya viazi miaka mingi. Niliona nitakuwa na kitu cha kushika mikononi. Nikaipindua juu chini pale verandani, spana kando, mguu kwenye stuli, nikaanza kugonga vitu.

Nilikuwa nagonga hivyo jirani yangu alipopita. Sitamtaja jina. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, mwanajeshi mstaafu, haji kanisani kwetu wala kwa mtu mwingine. Tumesalimiana kwenye ua miaka 11, zaidi ya hapo hakuna. Siku ile alisimama, akaangalia ile alama ya shaba mbele ya baiskeli, akacheka.

"Pasta, unajua hizi ni nini?"

Ni bunduki tatu zimeegemezwa pamoja kama wanajeshi wanavyozipanga kambini. Nimeiona hiyo alama tangu utoto na sikuwahi kuuliza. Mzee akaketi akanieleza. BSA ilianzishwa na mafundi wa bunduki wa Birmingham, Uingereza, mwaka 1861, na baiskeli zilikuja baadaye. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotengeneza bunduki nyingi za .303 katika vita vyote viwili vya dunia. Na yeye alikuwa fundi wa silaha jeshini. Alijifunzia kazi kwa .303, akamalizia na G3, akaenda hata Namibia mwaka 1989 na kikosi cha Umoja wa Mataifa, kazi yake ikiwa kuhakikisha kila bunduki inayotoka stoo imekaguliwa.

Nilimuuliza kama bado anafanya hizo kazi. Akaniangalia vibaya. Hana hata risasi moja nyumbani. Akasema kutengeneza silaha bila leseni ni jela, na hata bila sheria hangefanya. Mara mbili watu wamemjia usiku na kitu kimefungwa kwa gunia, na mara zote mbili hakufungua mlango. Akanyamaza. Kisha akachukua nyundo mkononi mwangu, kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

Kuanzia siku ile alikuwa akija saa kumi kila jioni. Alinifundisha kutandika kitambaa na kupanga kila kitu kwa mpangilio niliokifungulia, kutoka kushoto kwenda kulia, ili kurudisha uanzie mwisho. Alinifundisha kuhesabu gololi za kila upande kabla ya kuziosha kwa mafuta ya taa. Kotapini, ile pini inayoshika mkono wa pedali, ilikuwa imeshika kutu ya miaka na mimi nilikuwa nimeshaanza kuipinda. Tuliitia mafuta siku tatu, hatukuigusa. Siku ya nne akaweka kipande cha bomba chini kuikingia, akapiga mara moja tu, na ikatoka.

Ni katika kungojea ile pini ndipo alinisimulia habari ambayo imenifikisha hapa.

Bunduki ya .303 ina komeo, ile sehemu unayovuta nyuma kuingiza risasi. Kati ya uso wa komeo na risasi lazima kuwe na nafasi ndogo sana ya kipimo maalum. Kwenye zile za vita vya pili, kichwa cha komeo kilitengenezwa kwa saizi nne, 0 mpaka 3, ili fundi abadilishe kadiri chuma kinavyolika. Na fundi hapimi kwa jicho. Ana vipande viwili vya chuma. Ukiweka cha kwanza, komeo lazima lifunge. Ukiweka cha pili, lazima likatae kufunga. Likifunga, hiyo bunduki inarudi ndani hata kama mwenyewe analia.

"Hicho chuma," mzee akasema, "hakibembelezi mtu."

Nikamuuliza, kama nafasi imezidi, si itakataa tu kufyatua? Akasema hapana, na hapo ndipo shida. Itafyatua. Itafyatua vizuri, leo na kesho na mwezi ujao. Ndiyo maana askari hataki kuileta: ameizoea, anapiga nayo shabaha, na akiileta ataandikwa. Alikuwa na kijana mmoja wa namna hiyo. Siku ya ukaguzi aliazima komeo la rafiki yake, akapita, akarudisha. Baada ya wiki chache ganda la risasi likapasuka ndani ya bunduki hiyo, moto na chuma vikaruka nyuma.

"Akaumia?"

"Yeye? Hapana. Siku hiyo ilikuwa kwa mikono ya mwenzake."

Mzee aliendelea kupangusa gololi. Hakuwa ananihubiria, hajui habari za kesha. Lakini chai yangu ilipoa.

Usiku ule nilifungua 1 Samweli 13. Mnaijua ile habari: Wafilisti hawakuruhusu mhunzi katika nchi ya Israeli, hivyo Mwisraeli akitaka kunoa jembe au shoka ilibidi ashuke kwa adui yake, na siku ya vita hakukuwa na upanga mkononi mwa mtu isipokuwa Sauli na Yonathani. Kule chuoni mwalimu wetu wa Agano la Kale alikaa sana kwenye neno moja la mstari wa 21, pimu. Halipatikani kwingine katika Biblia ya Kiebrania, na Biblia ya Kiingereza ya 1611 iliweka "tupa" pale. Baadaye wachimbaji wa mambo ya kale wakapata vijiwe vya mizani vimeandikwa neno hilohilo, kila kimoja kama gramu 7 na nusu hivi, karibu theluthi mbili za shekeli. Kumbe ilikuwa ni bei. Ni pesa waliyolipa kila waliposhuka. Nimehubiri hiyo sura mara nyingi, na kila mara Wafilisti walikuwa watu wengine. Usiku ule niliona matatu ya Jumamosi jioni, na mimi ndani, nimevuta kofia chini.

Hata hivyo nilijiambia nitazungumza nikipona. Mchungaji anajua kujipangia muda.

Wiki ya nne Shosho mmoja wa kanisa letu alikuja kuniona. Wa kiti cha pili, upande wa dirisha, wenyeji mnamjua. Alileta mayai sita na ndizi. Tuliomba, tukaongea habari za mvua, na wakati wa kuondoka nikaona anasukuma kiti kwa mkono wa kulia tu. Nikamuuliza mkono wa kushoto una nini.

"Ulivunjika, mwanangu. Ni zamani sasa."

"Lini, Shosho?"

Akanyamaza kidogo. "Ule usiku wa kesha uliporuka, na mimi nilitupa mkongojo wangu. Nikasema Mungu wa Pasta ni wangu pia. Nikatembea hivyo wiki mbili tatu, halafu nikaanguka pale kwa mtaro."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Nisikilizeni alivyojibu, kwa sababu sijalala vizuri tangu siku hiyo. Alisema, "Ningekuambia nini? Nilijua imani yangu ndiyo ilikuwa ndogo. Wewe ulipona."

Wapendwa, nilimwambia palepale. Yeye ndiye wa kwanza, kabla ya wazee, kabla ya askofu. Nilimwambia sikupona, na kwamba asubuhi ile nilijua. Alinitazama muda mrefu. Hakulia wala hakunikumbatia, msidhani ilikuwa kama kwenye filamu. Alisema, "Sawa, Pasta," akachukua kikapu chake, akaenda. Jumapili iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu, na iliyofuata pia.

Niliwaita wazee nyumbani. Mmoja alikasirika sana, akaniambia nimempa adui silaha, watu watatucheka, makanisa jirani watatumia hii. Nilimwelewa. Mwingine akauliza kama nimeandika barua ya kujiuzulu, na nilikuwa nimeiandika, iko mezani kwa askofu hadi leo. Atakalosema nitalifuata. Halafu Jumapili iliyopita nikaketi kwenye kiti cha plastiki mbele yenu, mguu umenyooka, nikasema mliyoyasikia. Kile kipande cha video kinaishia niliposema "nilidanganya madhabahuni." Sehemu iliyokatwa ni ile nilipowaomba wote walioacha kliniki au dawa kwa sababu ya ushuhuda wangu warudi, na wanione niende pamoja nao. Mpaka leo watatu wameniita. Mmoja ni wa presha. Familia mbili zimesema zinahama, na nimeziombea bila kinyongo, au kwa kinyongo kidogo, Bwana anasaidia.

Shosho alikuja Jumapili hiyo. Alikaa mlangoni, si kwa kiti chake. Alikuwa na mkongojo.

Na baiskeli imekamilika. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa ameshaniambia nikifika wiki ya saba nianze kuzungusha pedali bila uzito, na mzee akatengeneza stendi ya mbao ya kuinua gurudumu la nyuma, pale pale verandani. Jana nilipanda kwa mara ya kwanza, mama mchungaji amenishika bega. Goti halikutaka kupita juu. Mzee akasema nisilazimishe, niende nusu mbele, nusu nyuma, kama saa iliyoharibika. Nilifanya hivyo dakika tano, jasho likanitoka. Mwishoni nikajaribu kuzungusha kinyumenyume na ikapita, mara moja, mzunguko mzima.

Maombi ya Jumatano mchana yako palepale, saa saba. Nitaongoza nimeketi. Mwenye gari anayepitia njia ya juu tafadhali ampitie Shosho, kama atakubali.