Hesabu ya Lita Moja

Mtu akishastaafu hujifunza hesabu upya. Mshahara ulipokuwa ukija kila mwisho wa mwezi, lita ya petroli ilikuwa lita ya petroli tu. Sasa lita hiyo hiyo ni kilo ya mchele, au ni madaftari ya mjukuu. Mke wangu alinieleza jambo hilo kwa maneno machache: "Mwalimu, gari hili linakula kuliko sisi."

Kubana mafuta si jambo geni kwa watu wa umri wangu. Katikati ya mwaka 1973 bei ya pipa la mafuta ilikuwa dola 3 hivi. Mwanzoni mwa 1974 ilikaribia dola 12. Kisha ikaja Vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, na bei ya dunia ikapanda tena. Vijana hawaamini ninapowaambia kwamba katika miaka ya 1980 magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana bila kibali. Siku hizi hakuna wa kutukataza. Bei yenyewe inatosha kuwa askari. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, na kadiri mtu anavyokaa mbali na bandari ndivyo anavyolipa zaidi. Idete hatuwezi kuisogeza Dar es Salaam. Kilichobaki mikononi mwetu ni mguu wa kulia na akili.

Nilianza kwa kupima, kwa sababu usichokipima huwezi kukipunguza. Jaza tangi, andika kilometa zilizosomeka. Tembea. Ukijaza tena, gawanya kilometa ulizotembea kwa lita ulizoongeza. Kama umetembea kilometa 240 na umeongeza lita 30, gari lako linakwenda kilometa 8 kwa lita. Hesabu ya darasa la nne, lakini ni wenye magari wangapi wanaoifanya?

Mengine hufuata. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hulielemea gari. Mimi hupima upepo asubuhi, kabla mpira haujapata moto. Mwendo nao una gharama yake: nguvu ya upepo unaolizuia gari huongezeka kwa mraba wa mwendo, yaani ukienda mara mbili, kizuizi kinakuwa mara nne. Haraka haraka haina baraka, na hapa baraka yenyewe inapimika kwa lita. Anayekanyaga mafuta kwa nguvu na kufunga breki kila penye shimo hulipia mwendo ambao anautupa papo hapo. Mzigo usio na kazi ushushwe. Injini isingurume bure wakati watu wanaagana mlangoni, maana sisi kuaga hatujui kufupisha.

Wapo wanaotoa gia kwenye mteremko wakidhani wanaokoa. Kwa injini nyingi za kisasa hakuna faida hiyo: gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa umeondolewa, injini hukata mafuta yenyewe, ukitoa gia, inayahitaji ili isizimike. Tena breki zinabaki peke yake kulizuia gari. Senti hizo hazistahili roho ya mtu.

Hata hivyo, lita rahisi kuliko zote ni ile isiyochomwa. Baiskeli hunifikisha dukani na shambani. Safari ya Ifakara tunaipangia siku moja: kliniki ya mama ya kisukari, pensheni, soko, na majirani wawili watatu wanaochangia mafuta.

Ndugu msomaji, usidhani nafanya hivi kwa ubahili. Kijijini, mwenye gari hana usiku wake. Masika yanapoigeuza barabara kuwa tope, na mjamzito akashikwa na uchungu saa 8 za usiku, hodi hupigwa kwangu. Ndiyo maana tumeweka sheria nyumbani: mshale wa mafuta usishuke chini ya nusu. Hatuweki petroli kwenye madumu chumbani, kwani mvuke wake unaweza kuteketeza nyumba; akiba yetu inakaa ndani ya tangi. Kila lita niliyoiokoa mchana kwa kwenda polepole, au kwa kupanda baiskeli, imelala humo ikisubiri.

Mwaka jana hodi hiyo ilipigwa mara tatu. Mara zote tatu tuliondoka bila kumwuliza mtu ana shilingi ngapi, na bila kwenda kumwamsha muuza petroli ya chupa. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wazee. Kwangu mimi kibaba hicho ni nusu tangi, na wapo watoto watatu wanaojifunza kutembea hapa Idete ambao mama zao walifika hospitali kwa mafuta hayo.