Nchani mwa Ufa

Nilipoanza kushika bisibisi kwenye gereji ya mjomba pale Iringa, kioo cha mbele hakikujua ufa. Ama kilikuwa kizima, ama hakipo. Magari mengi yaliyopanda mlima Kitonga yalikuwa na kioo kilichopashwa moto kiwandani kisha kikapozwa ghafla. Jiwe likirushwa na gurudumu la lori, kioo chote kiligeuka cheupe papo hapo, na dereva akalazimika kukipiga ngumi apate tundu la kuonea. Alitufikia kope zimejaa vumbi, chembe za kioo hadi mfukoni mwa shati. Sisi tulifagia, tukaagiza kingine Dar.

Nyufa ndefu zilikuja na magari ya mitumba kutoka Japani, baada ya biashara kulegezwa miaka ya 1980. Kioo chake ni tabaka mbili zenye utando wa plastiki katikati, ubunifu ambao Mfaransa Édouard Bénédictus aliupatia hataza mwaka 1909. Jiwe likipiga, tabaka la nje hupasuka, utando hushika, na dereva huendelea na safari. Tatizo ni kwamba ufa nao huendelea. Asubuhi za Juni, Iringa ikiwa na baridi kali, mtu aliwasha hita kuondoa ukungu na ufa wa urefu wa kidole ukakimbia hadi katikati ya kioo mbele ya macho yake.

Tulipaka supa glu. Wengine walipaka rangi ya kucha. Wahenga walihimiza kuziba ufa, hawakusema tuanzie wapi; tulianzia pale palipoonekana, na wiki iliyofuata ufa ulikuwa umetupita.

Mjomba ndiye aliyehamia nchani. Aliwaona mafundi bodi wakitoboa kitundu mwisho wa ufa wa bati ili usiendelee, akachukua keekee. Sababu yake mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alikwisha kuieleza mwaka 1921: mkazo hujikusanya kwenye ncha, na ufa unavyorefuka ndivyo unavyopata urahisi wa kuendelea. Kitundu huifanya ncha kali kuwa duara, mkazo ukatawanyika. Lakini kioo si bati. Biti ikizama mno hutoboa utando. Na ncha halisi huwa mbele kidogo ya pale jicho linapoishia, kwa hiyo vitundu vingi vilichimbwa nyuma ya adui. Isitoshe, maji ya mvua yaliingia, na maji yakifika nchani huudhoofisha mshikamano wa kioo kilichovutwa.

Gundi nyepesi inayogandishwa na mionzi ya urujuanimno ndiyo iliyokamilisha kazi. Sasa kitundu huchimbwa tabaka la nje tu, mbele kidogo ya ncha, ufa ukaongozwa taratibu uingie humo. Gundi huingizwa hapo kwanza, kisha hufuata ufa wote hadi ukingoni, ikisukuma hewa nje. Huupinda mwanga karibu sawa na kioo, ndiyo maana mstari hufifia. Kwetu jua ni taa ya bure, ila lina haraka: gundi ikianikwa kabla haijafika mwisho, huganda njiani. Hivyo gari hukaa kivulini kwanza, na mteja huambiwa, “Bosi, kiyoyozi usiguse, na gari usioshe.”

Urefu una mpaka. Kiwango cha Marekani cha mwaka 2007 kilikubali nyufa hadi inchi 14, kama sentimeta 35. Ufa uliojaa vumbi la miezi hauingiliki, na ulio mbele ya macho ya dereva huacha alama hata ukizibwa vizuri. Vijana wa gereji siku hizi hawaanzi kwa kupima urefu. Huinama na tochi kutafuta ncha, wakauliza jiwe lilipiga lini. Wakisikia “jana”, hutoa vifaa. Wakisikia “tangu Pasaka”, hutaja bei ya kioo kipya.