Hapa Ndipo Barafu Ilipofika



Juma lililopita niliwasindikiza wanafunzi wa kidato cha tatu katika ziara ya somo la jiografia kwenye Mlima Kenya. Tulipanda kwa njia ya Naro Moru hadi Bonde la Teleki, mahali nilipofika mara ya kwanza mwaka 1997, nami nikiwa mwanafunzi wa kidato hicho hicho.

Mwalimu wao aliwaonyesha umbo la bonde: sakafu pana na kuta za mwinuko mkali, mfano wa herufi U. Mto wa maji huchimba bonde jembamba. Bali barafu nzito, ikiteremka polepole na kukwangua mwamba kwa mawe iliyoyabeba, hupanua bonde zima. Kisha akawaonyesha matuta ya moreni, yaani mawe na udongo ambao barafu huuacha inapokoma. "Hapa," akasema, "ndipo barafu ilipofika."

Tukainua macho kuelekea barafu ya Lewis, chini ya kilele cha Lenana. Wataalamu walipolinganisha vipimo vya 1934 na vya 2010, waliona kwamba imepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Nami niliona kwa macho yangu: mahali nilipokumbuka weupe, palikuwa na mwamba mtupu. Nikawaeleza wanafunzi kwamba hata mwaka ule wa 1997 mwalimu wetu alitufundisha kuwa inapungua.

Binti mmoja akaniuliza kwa heshima, "Padre, ninyi mlipoambiwa hivyo, mlifanya nini?"

Nilikuwa na jibu tayari, lile la viwanda vya mataifa ya mbali na ongezeko la joto duniani. Ni jibu la kweli. Lakini yeye hakuuliza habari za mataifa. Nikamwambia, "Tuliitazama, tukapiga picha, tukashuka." Hakunilaumu. Aliandika tu katika daftari lake, na jambo hilo likaniuma kuliko lawama.

Ndugu zangu, tunaposali sala ya "Nakuungamia" katika Misa tunaungama pia makosa ya kutotimiza wajibu. Nakiri kwamba kwa miaka mingi nimeyataja harakaharaka, kana kwamba hayanihusu. Jumapili hii, kabla ya kupiga kifua, tujiulize swali la binti yule: tuliambiwa, je, tulifanya nini?

Mungu awabariki.

Padre wenu